Bao Lisiloshangiliwa

Tarehe 27 Aprili 1974, dakika ya 81, mpira ulimkuta Denis Law akiwa amelipa mgongo lango la Manchester United. Aliugusa kwa kisigino ukaingia wavuni. Wenzake wa Manchester City walimkimbilia wakamkumbatia, lakini yeye alisimama tu, mikono imening'inia, uso umeinama. Mtu ambaye kwa miaka 11 alijulikana kwa kunyoosha mkono mmoja juu kila alipofunga, safari hii hakuunyanyua. Muda mfupi baadaye alitolewa. Mashabiki wakavamia uwanja wa Old Trafford, mwamuzi akakatisha mchezo, na viongozi wa Ligi wakaamua matokeo yabaki 1-0.

Hadi leo wapo wanaosimulia kwamba kisigino kile ndicho kilichoishusha United daraja. Sivyo. Siku hiyohiyo Birmingham City waliwafunga Norwich, kwa hiyo United wangeshuka hata kama wangeshinda. Lakini Law hakulijua hilo wakati mpira unavuka mstari. Alichojua ni kwamba ameifunga nyumba aliyokaa misimu 11, akaichezea mechi 404 na kuifungia mabao 237, nyumba iliyomfikisha kwenye Ballon d'Or ya mwaka 1964.

Ili kuuelewa ukimya ule inabidi kurudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 1973 kocha Tommy Docherty aliamua kumwacha Law aondoke bure. Kwa maelezo ya Law mwenyewe, walikuwa wamekubaliana kwamba kuondoka kwake kutatangazwa kwa utaratibu wenye staha. Badala yake alikuwa kwao Aberdeen, Scotland, alipoona kwenye televisheni kwamba ameshaachwa. City, waliomchukua, nao walikuwa waajiri wake wa zamani: walimnunua kutoka Huddersfield mwaka 1960 kwa pauni 55,000, wakamuuza Torino ya Italia mwaka uliofuata. Kwa hiyo aliporudi Old Trafford akiwa na jezi ya bluu, alikuwa na kila sababu ya kulipiza. Hakulipiza. Na hapo ndipo thamani ya kisa chake ilipo, kwa sababu heshima kwa mwajiri aliyekutendea wema si kazi ngumu. Ngumu ni kumheshimu aliyekuacha usikie habari zako kutoka kwa wengine.

Ule ulikuwa mchezo wake wa mwisho wa Ligi. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Juni 1974, aliivalia Scotland mjini Dortmund katika mechi yake pekee ya Kombe la Dunia, dhidi ya Zaire, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika fainali hizo. Scotland walishinda 2-0. Law alifariki Januari 2025, na wakati huo sanamu yake ilikuwa imesimama Old Trafford kwa zaidi ya miaka 20. Klabu iliyomwacha ndiyo iliyomtukuza.

Desturi ya mchezaji kunyamaza anapoifunga klabu yake ya zamani inaonekana leo kama jambo la kawaida kabisa. Watangazaji huitabiri kabla ya mechi, mashabiki huisubiri, na anayeivunja hujadiliwa wiki nzima. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya soka la kulipwa, desturi kama hiyo isingeweza kuwa na maana, kwa sababu mchezaji hakuwa na uwezo wa kuondoka kwa hiari yake.

Chama cha soka cha Uingereza kilihalalisha malipo kwa wachezaji mwaka 1885. Klabu kubwa ziliogopa kunyang'anyana watu, na kufikia mwaka 1893 Ligi ilikuwa na utaratibu wake: kila mwisho wa msimu klabu iliandika orodha ya wachezaji inaowabakiza na ya wale inaowauza. Aliyebakizwa hakuweza kusajiliwa na klabu nyingine ya Ligi hata kama mkataba wake umekwisha. Akikataa masharti mapya, klabu ingeweza kuacha kumlipa na bado kumshikilia. Mwaka 1901 ukaongezwa ukomo wa mshahara, pauni nne kwa wiki. Mwaka 1912 mchezaji Herbert Kingaby aliishtaki Aston Villa akidai mfumo huo umemharibia riziki. Alishindwa, na mfumo ukaendelea kwa nusu karne nyingine.

Aliyeutikisa ni George Eastham. Mwaka 1960 mkataba wake na Newcastle United ulimalizika. Aliomba kuondoka, klabu ikakataa. Eastham akaacha kucheza, akaenda kusini mwa Uingereza kufanya kazi ya kuuza bidhaa za koki. Miezi ilipita ndipo Newcastle walipokubali kumuuza Arsenal kwa pauni 47,500. Mtu mwingine angeridhika na kunyamaza, maana alishapata alichotaka. Lakini chama cha wachezaji kilimsaidia kuendelea na kesi, kwa kuwa wenzake wengi walikuwa bado wamefungwa na orodha zilezile. Hukumu ilitoka mwaka 1963. Jaji alisema kumshikilia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha ni kumzuia mtu kufanya kazi yake bila sababu ya haki. Jaji huyo aliitwa Richard Wilberforce, kilembwe cha William Wilberforce aliyeongoza mapambano bungeni London dhidi ya biashara ya watumwa. Historia mara chache hupanga mambo vizuri namna hii.

Hata hivyo Eastham alifungua nusu ya mlango tu. Katika nchi nyingi za Ulaya klabu iliendelea kudai ada kwa mchezaji aliyemaliza mkataba. Ndivyo ilivyomkuta Jean-Marc Bosman, kiungo wa RFC Liège ya Ubelgiji. Mwaka 1990 klabu yake ilimpa mkataba mpya wenye mshahara wa robo ya ule wa zamani. Akakataa, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, uhamisho ukakwama, naye akabaki hana timu ya maana. Kesi yake ilichukua miaka mitano. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg iliamua kwamba mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya anayemaliza mkataba aondoke huru, bila ada. Bosman mwenyewe hakufaidi matunda yake. Maisha yake ya soka yalikuwa yameshaharibika.

Baada ya hukumu ile wachezaji walianza kuhama kwa wingi na kwa mishahara mikubwa zaidi, na hapo ndipo kuondoka kulipobeba uzito mpya. Zamani shabiki angeweza kumlaumu mwenyekiti aliyemuuza kipenzi chake. Sasa alijua kwamba mchezaji amechagua. Na anayechagua kuondoka hutazamwa usoni siku atakaporudi. Kutoshangilia kukawa namna ya mchezaji kusema hadharani jambo ambalo mkataba hauwezi kulisema: nimeondoka, lakini sijasahau.

Hakuna aliyelisema kwa uchungu kama Gabriel Batistuta. Muajentina huyo alifika Fiorentina mwaka 1991. Mwaka 1993 timu iliposhuka daraja alibaki nayo Serie B na kuipandisha, wakati ambapo klabu yoyote kubwa ya Italia ingemchukua. Alikaa miaka tisa. Mwaka 2000, umri ukiwa umepita 30 na ubingwa wa Italia haujawahi kumfikia, aliuzwa Roma kwa lira bilioni 70. Tarehe 26 Novemba mwaka huohuo Roma na Fiorentina walikutana jijini Rome, bila bao hadi dakika za mwisho. Dakika ya 83 Batistuta aliupiga mpira juu kwa juu kutoka mbali, ukaingia. Roma wakashinda 1-0. Wenzake walirukaruka kumzunguka naye analia. Juni iliyofuata alipata ubingwa aliouhama kuutafuta, na hakuna mtu wa Florence aliyeweza kusema kwamba aliupata kwa kuwadharau.

Baada yake mifano ikawa mingi. Machi 2013 Cristiano Ronaldo aliifungia Real Madrid bao la ushindi Old Trafford, akainua viganja viwili kama anayeomba radhi. Septemba 2014 Frank Lampard, aliyeifungia Chelsea mabao 211 katika miaka 13, aliingia kama mchezaji wa akiba wa Manchester City na kuisawazishia City dakika ya 85 dhidi ya Chelsea hiyohiyo. Hakushangilia, na mashabiki wa Chelsea waliosafiri hadi Manchester wakaimba jina lake.

Upande wa pili wa sarafu ni Emmanuel Adebayor. Raia huyo wa Togo aliondoka Arsenal kiangazi cha mwaka 2009 kwenda Manchester City. Tarehe 12 Septemba alipoifunga Arsenal, katika mechi iliyoisha 4-2, alikimbia kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine na kupiga magoti mbele ya mashabiki wa klabu yake ya zamani. Vitu vikarushwa. Alipigwa faini ya pauni 25,000 na adhabu ya kifungo cha mechi mbili iliyowekwa kiporo, mbali na mechi tatu alizofungiwa kwa kumkanyaga Robin van Persie katika mchezo huohuo. Ni rahisi kumhukumu kwa picha ile moja. Lakini Adebayor alieleza baadaye kwamba mashabiki walikuwa wakiimba matusi dhidi ya wazazi wake, na mtu mwenye haki atauliza pia juu ya adabu ya waliokaa jukwaani. Luis Figo alipohama Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, Madrid walilipa kiasi chote kilichoandikwa kwenye mkataba wa kumwachia. Kisheria hakuwa na deni. Novemba 2002, alipokwenda kupiga kona katika uwanja wa Barcelona, alirushiwa kichwa cha nguruwe, na mchezo ukasimamishwa kwa zaidi ya dakika kumi.

Wapo wanaoona kutoshangilia ni maigizo. Hoja yao ni nzito: mshahara unalipwa na klabu mpya, na shabiki wa klabu mpya, aliyenunua tiketi na jezi, ana haki ya kuona furaha ya straika wake. Machozi ya Batistuta hayakuwa maigizo, lakini kijana aliyekaa mahali miezi sita kwa mkopo kisha akaja kunyoosha mikono ya kuomba radhi anaishusha thamani ishara yenyewe. Ishara ya uwanjani ni nzuri inapokuja baada ya matendo. Kipimo cha kweli cha kuachana kwa heshima kiko mbali na kamera, katika karatasi: mkataba, notisi, barua ya kuachiwa, na malipo.

Hata Waingereza wanaojisifia ustaarabu waliwahi kuteleza hapo. Januari 2005 Ashley Cole, akiwa bado na mkataba wa Arsenal, alikutana kwa siri hotelini London na viongozi wa Chelsea. Chelsea walitozwa pauni 300,000, Cole na kocha José Mourinho wakapigwa faini nzito ambazo baadaye zilipunguzwa hadi pauni 75,000 kila mmoja. Mwaka uliofuata Cole alihamia Chelsea kweli. Hajawahi kusamehewa na wengi wa Arsenal, licha ya kuwa mmoja wa mabeki wa kushoto bora zaidi waliowahi kuivaa jezi hiyo.

Afrika Mashariki inalijua tatizo hili kwa undani wake wote, kwa sababu soka la Tanzania limezaliwa na migawanyiko. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Waliojitenga wakaanzisha timu yao mwaka uliofuata, timu iliyopitia majina kadhaa, likiwemo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Mgogoro mwingine wa Yanga katika miaka ya 1970 ukazaa Pan African, iliyochukua ubingwa wa nchi mwaka 1982. Katika mazingira hayo, mchezaji anayetoka Jangwani, makao ya Yanga, kwenda Msimbazi, makao ya Simba, au kinyume chake, habadilishi kazi tu. Anahama ukoo.

Angalia safari ya Emmanuel Okwi wa Uganda. Simba walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000 za Marekani. Fedha hazikulipwa, mchezaji akagombana na Watunisia, akarudi SC Villa ya kwao, na kufikia Desemba mwaka huohuo alikuwa Yanga. Mwaka 2014 akarudi Simba. Kesi ya zile dola ilibidi ifike FIFA, nao wakaamuru Étoile iilipe Simba. Ndani ya miezi 20 mchezaji mmoja alikuwa amezigombanisha klabu za nchi tatu, na kiini cha yote kilikuwa ankara isiyolipwa.

Kisa cha Bernard Morrison kilikuwa cha karatasi tupu. Mghana huyo alijiunga na Yanga Januari 2020, na tarehe 8 Machi aliifunga Simba kwa faulo katika ushindi wa 1-0. Miezi mitano baadaye Simba wakamtambulisha kuwa mchezaji wao. Yanga walisema wana mkataba wa miaka miwili, yeye akasema ulikwisha baada ya miezi sita. Kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ilimpa ushindi kwa sababu ya kasoro zilizokuwemo kwenye mkataba, na mahakama ya michezo ya kimataifa, CAS, ikaitupa rufaa ya Yanga mwaka 2021. Mwaka uliofuata, Morrison alikuwa amerudi Yanga.

Uzito zaidi ulikuwa katika suala la Feisal Salum. Kiungo huyo kutoka Zanzibar, anayeitwa Fei Toto na mashabiki, alitua Yanga mwaka 2018 akitokea JKU na akawa kipenzi cha Jangwani. Desemba 2022 aliaga mitandaoni na kuingiza Sh112 milioni katika akaunti ya klabu, akiamini kwamba mkataba wake unamruhusu kujinunua namna hiyo. Yanga walizirudisha fedha. TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na maombi yake ya mapitio yakakataliwa. Kwa nusu msimu mzima, mmoja wa viungo bora nchini hakucheza, huku timu yake ikielekea fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, alipowaandalia Yanga chakula Ikulu kuwapongeza kwa fainali hiyo, aliwaomba viongozi walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye Feisal aliuzwa Azam. Machi 2024 Azam walipoifunga Yanga 2-1, bao la ushindi lilikuwa lake.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na pande zote mbili zilipoteza. Mchezaji alikosea kuaga umma kabla ya kumalizana na mwajiri wake mezani. Klabu nayo ilikuwa na mkataba uliosainiwa wakati thamani ya kijana huyo ilikuwa ndogo kuliko mabao yake ya baadaye, na mwajiri mwenye busara huuboresha mkataba wa namna hiyo kabla mfanyakazi hajaanza kutazama mlangoni. Inasikitisha kwamba ugomvi wa ajira wa mtu mmoja ulihitaji neno la mkuu wa nchi ili uishe.

Kuachana vizuri kunawezekana hapahapa kwetu. Nasreddine Nabi, kocha Mtunisia aliyeipeleka Yanga kwenye fainali ile dhidi ya USM Alger, aliondoka mwaka huohuo baada ya mkataba wake kwisha. Hakukuwa na kesi. Julai 2024, akiwa kocha wa Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, alikutana na Yanga katika mechi ya Kombe la Toyota mjini Bloemfontein. Yanga walishinda 4-0. Klabu mbili zilikaa katika tukio moja la kirafiki na mtu aliyezifanyia kazi zote mbili, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu tu hakuna aliyemdai mwenzake.

Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinaeleza waziwazi jinsi mkataba unavyolindwa katika miaka yake ya mwanzo na jinsi anayeuvunja atakavyolipa. Zinaeleza pia kwamba mchezaji anapouzwa nchi za nje akiwa na mkataba, asilimia tano ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mtanzania Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akiwa na miaka 18. Mchezaji wa njia hiyo anapouzwa Ulaya, kila mwaka aliocheza nyumbani una bei, mradi klabu iwe imetunza kumbukumbu za usajili wake. Klabu iliyoachana na kijana wake kwa vurugu, ikapoteza na mafaili yake, haina cha kuonyesha wakati fedha zinapogawiwa.

Kanuni hizo nazo zimeanza kutikiswa. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ileile ya Luxembourg ilitoa hukumu katika shauri la Lassana Diarra, Mfaransa aliyevunjiwa mkataba na Lokomotiv Moscow mwaka 2014 na kutakiwa kulipa zaidi ya euro milioni 10, deni lililowaogofya waajiri wengine wasimchukue. Mahakama ilisema baadhi ya kanuni za FIFA zinakwenda kinyume na sheria za Ulaya za ushindani na uhuru wa kufanya kazi. Maana yake ni kwamba wachezaji watazidi kuwa na nguvu ya kuondoka, na klabu zinazotegemea kumshikilia mtu kwa lazima zitazidi kukosa pa kushika.

Viongozi wa klabu zetu wana madirisha mawili ya usajili kila msimu. Kabla halijafunguliwa lijalo, wawalipe wanaowadai, wawape barua wanaoondoka, na wamwambie mchezaji ana kwa ana kwamba anaachwa, asije akaisoma habari hiyo kwenye simu ya mtu mwingine. Nao wachezaji, kabla ya kuandika ujumbe wa kwaheri mitandaoni, waende kwanza ofisini na mwanasheria, wakiwa na mkataba mkononi.